Fumbo Liko Jana, Haliko Kesho

Mwaka 1909 jarida moja la fizikia la Ujerumani lilichapisha makala fupi mno, iliyotiwa saini na watu wawili ambao hawakukubaliana. Mmoja alikuwa Walter Ritz, mwingine Albert Einstein. Waliwahi kusoma chuo kimoja mjini Zürich, na kabla ya hapo walikuwa wameshabishana kwa makala juu ya mnururisho wa sumakuumeme, yaani mawimbi kama ya mwanga na ya redio. Mwishowe wakaona heri waandike pamoja. Hawakuandika kutangaza suluhu, waliandika ili ieleweke ni wapi hasa wanapoachana.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni za kihesabu za umeme na sumaku, inaruhusu wimbi litoke kwenye chanzo na kutawanyika pande zote. Inaruhusu vilevile mawimbi yaje kutoka pande zote, kwa mpangilio usio na dosari, yakutane kwenye nukta moja na kuishia hapo. La kwanza tunaliona kila mara, la pili hatulioni kamwe. Ritz alisema ulimwengu wenyewe una sheria inayokataza hilo la pili, na kwamba katazo hilo ni mojawapo ya mizizi ya sheria ya pili ya themodinamiki, ile isemayo joto halihami lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto. Einstein akasema hakuna katazo lolote, ila ni jambo lisiloelekea kutokea: kushindwa kurudi nyuma kwa mambo ni suala la uwezekano, basi. Ritz alifariki Julai mwaka uleule, akiwa na umri wa miaka 31, na hoja yake ikakosa mtu wa kuisimamia.

Naipenda makala ile kwa sababu inalitaja swali pasipo kulizunguka. Watu wengi wakisikia fizikia ya wakati humkimbilia Einstein mwingine, yule wa saa zinazochelewa na pacha anayerudi kutoka safarini akiwa kijana kuliko mwenziwe. Nitamfikia huyo. Lakini mwendo wa saa ni suala moja, na mwelekeo wa wakati ni suala jingine kabisa. Kwa nini kikombe huvunjika na vipande havijiungi? Kwa nini nakumbuka jana na siikumbuki kesho? Mwaka 1927, katika mihadhara yake Edinburgh, Arthur Eddington aliupa mwelekeo huo jina ambalo halijautoka: mshale wa wakati.

Jambo linalotatiza ni kwamba mshale huo haumo kwenye sheria. Chukua milinganyo ya Newton ya 1687, ya Maxwell, ya Einstein ya 1915, au ule wa Schrödinger wa 1926 unaoeleza mwendo wa chembe ndogo kama elektroni. Geuza alama ya wakati kutoka chanya kuwa hasi (kwa Maxwell ugeuze na uga wa sumaku, kwa Schrödinger kuna hatua ndogo ya kihesabu), na milinganyo inabaki ileile. Sayari inayozunguka jua kinyumenyume inatii sheria sawasawa na inayozunguka kwa mwendo tuliouzoea. Vivyo hivyo atomi mbili zinapogongana.

Ipo kasoro moja, na si haki kuiruka. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch, wakifanya kazi Brookhaven nchini Marekani, waligundua kwamba chembe ziitwazo kaoni hazifuati ulinganifu uliodhaniwa kuwa kamili kati ya mata na antimata, pacha wake mwenye chaji za kinyume. Kwa hoja za nadharia, hilo lilimaanisha kuwa hata ulinganifu wa wakati umevunjika kidogo. Mwaka 2012 watafiti wa jaribio la BaBar, California, waliuonyesha uvunjifu huo moja kwa moja kwa chembe ziitwazo mesoni B. Ni ugunduzi mkubwa. Lakini hauvunji kikombe. Athari yake ni ndogo, imejificha kwenye chembe adimu, na ukigeuza wakati pamoja na kubadili mata kuwa antimata na kulia kuwa kushoto, sheria zinarudi kuwa zilezile. Anayetaka kueleza kwa nini joto huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi hatapata msaada huko.

Basi turudi kwa Einstein wa 1909, yaani kwenye uwezekano. Hapo kwa kweli tunarudi kwa Ludwig Boltzmann, Mwaustria ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa vita ya kutetea atomi mbele ya watu wasioziamini. Rudolf Clausius alikuwa ameshabuni neno entropia mwaka 1865, kwa kifupi kipimo cha mtawanyiko ndani ya mfumo, na ilijulikana kwamba ndani ya mfumo uliofungwa kiasi hicho hakipungui. Boltzmann alitaka kujua sababu. Mwaka 1872 alitoa hoja ndefu ya kihesabu iliyoonyesha kwamba gesi, kwa kugongana tu kwa molekuli zake, lazima ielekee kwenye hali ya kutulia.

Miaka minne baadaye rafiki yake Josef Loschmidt akamwekea pingamizi ambalo mtoto wa sekondari anaweza kulielewa, na ambalo bado linauma. Chukua gesi iliyokwisha kutawanyika. Geuza kasi ya kila molekuli, irudi ilikotoka. Kwa kuwa sheria za mgongano hazina upande, gesi itarudia njia yake yote na kujikusanya pembeni. Kwa kila mwendo unaoongeza entropia, upo mwendo pacha unaoipunguza. Umeupata wapi mshale, ikiwa sheria ulizoanza nazo hazikuwa nao?

Husimuliwa kwamba Boltzmann alijibu, “Haya, zigeuze wewe.” Sijui kama ni kweli na wala sidhani ni muhimu, maana mwaka 1950 kijana mmoja wa Kimarekani, Erwin Hahn, alizigeuza. Hakutumia gesi. Alitumia viini vya atomi vinavyozunguka ndani ya uga wa sumaku. Ukivipiga kwa pigo la mawimbi ya redio vinaanza kuzunguka pamoja na kutoa ishara. Kisha, kwa kuwa kila kimoja kina kasi yake kidogo, vinapishana na ishara inakufa. Kwa macho ya kawaida mpangilio umepotea. Hahn akapiga pigo la pili. Baada ya muda uleule uliopita kati ya mapigo mawili, ishara ikafufuka yenyewe. Fikiria wakimbiaji walioanza pamoja, wakaachana, halafu filimbi ikalia kila mmoja akageuka: aliyekuwa mbele zaidi ana njia ndefu zaidi ya kurudi, na wote wanafika mstari wa kuanzia kwa pamoja. Mwangwi huo wa Hahn unatumika leo kwenye mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Kwangu mimi hakuna jaribio linaloeleza jambo hili vizuri kuliko hilo: mpangilio ulioonekana kufa ulikuwa umejificha tu.

Jibu zito la Boltzmann lilikuja mwaka 1877, nalo ni kuhesabu. Hali moja tunayoiona kwa jicho, kwa mfano “gesi imeenea sawasawa”, inaweza kutimizwa na mipangilio ya molekuli mingi ajabu. Hali ya “gesi yote iko nusu ya kushoto” ina mipangilio michache. Ukiwa na molekuli 100 tu, uwezekano wa kuzikuta zote kushoto ni moja katika idadi inayoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 30. Hata kama ungechungulia mara bilioni moja kila sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita, usingetarajia kuiona hata mara moja. Na sentimita moja ya ujazo ya hewa haina molekuli 100, ina zaidi ya bilioni bilioni 20. Hakuna sheria inayokataza gesi kujikusanya. Ni kwamba njia za kutawanyika ni nyingi kiasi cha kuzimeza nyingine zote.

Vitabu vingi vya kueleza sayansi huishia hapo, na msomaji anafunga kitabu akidhani ameelezwa. Ameelezwa nusu tu, tena ile rahisi.

Angalia tena hoja ile ya kuhesabu. Sema sasa hivi una gesi iliyotawanyika nusunusu, imejaa zaidi kushoto kuliko kulia. Hesabu inasema: katika mipangilio yote inayolingana na hali hii, karibu yote itaelekea kwenye kutawanyika zaidi. Vizuri. Sasa uliza ilikuwaje dakika moja iliyopita. Hesabu haijui tofauti ya mbele na nyuma, kwa kuwa sheria inazotumia hazina tofauti hiyo. Kwa hiyo inakupa jibu lilelile: karibu mipangilio yote ilikuwa imetawanyika zaidi dakika iliyopita, ikajikusanya kwa bahati hadi hapa ilipo, na sasa inatawanyika tena. Ukiikuta barafu imeyeyuka nusu, hesabu inakuambia kwa uhakika uleule kwamba hapo nyuma yalikuwa maji matupu yaliyojigandisha yenyewe.

Hilo ni upuuzi, bila shaka. Lakini tunajuaje kuwa ni upuuzi? Kwa sababu tunakumbuka tuliiweka barafu nzima. Na kumbukumbu yenyewe ni nini? Ni mpangilio wa sasa wa chembe ndani ya ubongo. Ukiachia hesabu peke yake, ina uwezekano mkubwa zaidi kwamba mpangilio huo umetokea kwa bahati dakika hii, pamoja na picha zako, maandishi yako na mabaki yote ya wanyama wa kale ardhini, kuliko kwamba kulikuwa kweli na historia ndefu iliyoyaacha. Boltzmann mwenyewe, katika miaka ya 1890, aliichukulia kwa uzito dhana kwamba sehemu yetu ya ulimwengu ni mtikisiko adimu tu ndani ya utulivu mkubwa. Dhana hiyo inazaa balaa: mtikisiko mdogo ni rahisi kuliko mkubwa, na ubongo mmoja unaoelea angani kwa dakika moja ukidhani unasoma makala ni mtikisiko mdogo kupita kiasi kuliko galaksi nzima yenye nyota. Wanafizikia wa leo huita viumbe hao ubongo wa Boltzmann. Hawaamini kuwa wapo. Nadharia inayowafanya wengi kuliko watu wa kawaida huhesabiwa kuwa imejichongea kaburi, kwa sababu inaua imani katika vipimo vilevile vilivyoijenga.

Kuna njia moja ya kutoka, nayo haipatikani ndani ya sheria wala ndani ya hesabu. Ni lazima useme: ulimwengu ulianza katika hali ya entropia ndogo sana. Mwanafalsafa David Albert ameiita dhana hiyo Dhana ya Yaliyopita. Ukishaiweka, kila kitu kinakaa mahali pake. Barafu ilikuwa nzima, mabaki ni ya wanyama walioishi kweli, kikombe kilikuwa kizima. Mshale wa wakati si kitu kinachosukuma mambo kutoka nyuma. Ni umbali wetu kutoka mwanzo usio wa kawaida.

Hapo ndipo ninapoona watu wanamaliza mapema mno. Kesho haina fumbo. Entropia kuongezeka ni jambo linalotarajiwa hata bila kuambiwa. Jana ndiko kuna ajabu. Na tunayo picha ya jana hiyo. Arno Penzias na Robert Wilson waliikuta bila kuitafuta, wakaitangaza 1965: mnururisho unaotoka kila upande wa anga, wa nyuzijoto 2.7 tu juu ya sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa), ulioanza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000. Ni sawasawa kila upande, tofauti zake ni kama sehemu moja katika 100,000.

Msomaji makini atanisimamisha. Gesi iliyoenea sawasawa si ndiyo hali ya entropia kubwa kabisa? Mbona mwanzo ulioenea sawasawa hivyo uitwe wa entropia ndogo?

Swali zuri, na jibu lake ni uvutano. Ndani ya sanduku la maabara uvutano kati ya molekuli haufui dafu, hivyo kuenea ndiko kutulia. Kwenye ukubwa wa ulimwengu mambo yanapinduka. Mata iliyoenea haijatulia hata kidogo, inataka kujikunja iwe mawingu, nyota, galaksi, na mwisho wa yote mashimo meusi, ambayo hata mwanga hautoki ndani yake. Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba shimo jeusi lina entropia inayolingana na eneo la uso wake, na kiasi chake kinatisha. Shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, lenye uzito wa jua kama milioni nne, lina entropia kubwa kuliko fotoni (chembe za mwanga) zote za ule mnururisho wa kale katika ulimwengu wote tunaoweza kuuona. Ulimwengu mchanga ungeweza kuanza ukiwa umejaa mashimo hayo. Haukuanza hivyo. Roger Penrose alikadiria uwezekano wa kuanza kama ulivyoanza, ukichagua bila kubagua, akapata moja katika 10 kwa kipeo cha 10 kwa kipeo cha 123. Sifuri za namba hiyo hazitoshi kuandikwa hata ukiweka moja kwenye kila chembe iliyopo.

Na sisi tunaishi kwa kula tofauti hiyo. Jua ni mata iliyojikunja kwa uvutano hadi ikawaka, ikawa nukta ya moto kwenye anga baridi. Dunia hupokea mwanga wake na kurudisha angani karibu nishati ileile, kwa hiyo si nishati tunayoipata hasa. Kwa kila fotoni moja ya jua inayofika, Dunia hutoa kama 20 za joto dogo. Fotoni chache zenye nguvu zinaingia, nyingi dhaifu zinatoka, na katika badiliko hilo kila jani hujijengea mwili. Entropia inaongezeka kwa jumla, na uhai unajilipia humohumo.

Kumbukumbu nayo hufuata mkondo uleule. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa IBM alionyesha kwamba kufuta biti moja ya taarifa lazima kugharimu joto, kwa kiasi kidogo kabisa cha takriban jouli 3 × 10⁻²¹ kwenye joto la kawaida la chumba. Mwaka 2012 watafiti waliofungia chembe moja ya silika kwenye mwanga wa leza waliukaribia mpaka huo, na jaribio likakubaliana naye. Ili kuandika kumbukumbu mpya unahitaji mahali palipo tupu, na kufanya mahali pawe tupu kunamwaga joto nje. Ndiyo maana alama zote, ziwe kwenye ubongo, kwenye mwamba au kwenye diski, huelekea upande mmoja, ule wenye entropia ndogo.

Sasa Einstein wa saa. Nadharia yake ya uhusianifu ilifuta “sasa” moja ya ulimwengu mzima: matukio mawili ya mbali yanayotokea pamoja kwangu yanaweza yasitokee pamoja kwako ukiwa unakwenda mbio. Si maneno matupu. Mwaka 2010 maabara ya vipimo ya Marekani iliinua saa ya atomi kwa sentimita 33 tu na kuona ikienda haraka kuliko ya chini. Mwaka 2022 tofauti ikapimwa ndani ya urefu wa milimita moja. Machi 1955, rafiki yake Michele Besso alipofariki, Einstein aliiandikia familia kwamba kwa wanaoiamini fizikia, tofauti ya jana, leo na kesho ni njozi tu, hata ikiwa njozi sugu. Watu hunukuu barua hiyo kana kwamba imefunga kesi. Haijafunga. Kusema hakuna “sasa” ya pamoja si kusema hakuna upande. Ramani inaweza kukosa alama ya “uko hapa” na bado ikaonyesha mto unateremka kwenda wapi. Tena uhusianifu peke yake hauonyeshi hata huo mteremko.

Ugumu wa kuachana na mazoea unaonekana kwa Hawking. Mwaka 1985 alidai kwamba ulimwengu ukianza kusinyaa, entropia itapungua na mshale utageuka. Don Page alimpinga, na Raymond Laflamme, mwanafunzi wa Hawking mwenyewe, akapata matokeo yaliyomwelemea mwalimu wake. Hawking akakubali kuwa alikosea. Kosa lake lilikuwa la heshima, maana aliyetaka mwanzo uwe laini alikuwa na sababu ya kutaka na mwisho uwe laini. Ndilo tatizo lote: ukitafuta kanuni isiyopendelea upande, inakupa ncha mbili zinazofanana.

Kwenye fizikia ya kwanta ya uvutano, inayojaribu kuunganisha uvutano na sheria za chembe ndogo, hali ni mbaya zaidi. Mlinganyo wa Wheeler na DeWitt, uliochapishwa 1967, hauna wakati ndani yake kabisa. Don Page yuleyule na William Wootters walipendekeza mwaka 1983 kwamba wakati huzaliwa kwa kulinganisha sehemu moja ya ulimwengu, iliyo kama saa, na sehemu nyingine iliyosokotana nayo. Ni wazo zuri, lakini kwa swali la mwelekeo halinisaidii.

Wengine hutegemea dhana ya upanuzi wa ghafla wa ulimwengu mchanga, iliyotolewa na Alan Guth mwaka 1981, wakisema ndiyo iliyolainisha kila kitu. Hapo nasimama na Penrose. Ili upanuzi huo uanze, unahitaji kipande kilicholainika tayari kwa namna adimu kupita kiasi, hivyo deni limehamishwa tu.

Pendekezo linalonivutia zaidi lilitolewa mwaka 2014 na Julian Barbour, Tim Koslowski na Flavio Mercati. Walichukua chembe zinazovutana kwa uvutano wa Newton tu, pasipo mwanzo maalumu wa aina yoyote. Karibu kila suluhisho lina hatua moja katikati ambapo chembe zimebanana kupita wakati mwingine wote, na kutoka hapo, kwa pande zote mbili za wakati, zinasambaa na kujikusanya katika makundi yenye umbo. Anayeishi upande mmoja atauona ule mkusanyiko wa katikati kuwa jana yake, na wa upande wa pili vilevile, kila mmoja mshale wake ukimpa mwenziwe mgongo. Hakuna Dhana ya Yaliyopita iliyopachikwa kwa mkono. Udhaifu upo: mfumo wao hauna kuta, unapanuka bila kikomo, na katika mfumo kama huo hesabu ya Boltzmann haina jumla ya kugawia, kwa hiyo walibidi wapime utata wa maumbo badala ya entropia. Mpaka mtu aonyeshe kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja, tena kwa uvutano wa Einstein wenye mashimo meusi na si wa Newton, sitasema wamelipata jibu.